Gita la Besi Lililotumika: Kagua Kwanza

Kikundi chenu cha muziki kinataka kununua gita la besi lililotumika. Fedha hiyo ni jasho la wengi. Msiitoe kabla ya kukagua.

Kwanza, kagua shingo. Bonyeza uzi mnene penye kichuma cha kwanza na cha mwisho kwa pamoja. Sasa uzi umenyooka kama rula. Tazama katikati. Nafasi ikiwa ndogo sana, shingo ni nzuri. Ikiwa kubwa, shingo imepinda. Magita mengi yana chuma ndani ya shingo. Fundi hukikaza kidogo kidogo, shingo ikanyooka. Lakini shingo iliyojisokota, iache.

Pili, piga nyuzi zote 4, moja moja, penye kila kichuma. Sikiliza kama kuna mkwaruzo.

Tatu, unganisha gita na amplifaya. Zungusha vifundo vyake. Vikikwaruza, huenda vina vumbi tu. Vumbi husafishwa. Gita likiwa kimya, usikubali maneno ya muuzaji.

Mwisho, nendeni watu wawili au watatu. Dai risiti. Iweke pamoja na daftari la kikundi. Haraka haraka haina baraka.