Je, Yafaa Rais wa Marekani Awe Mzaliwa Tu?



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nieleze jambo lililotukosanisha katika mdahalo wa muhula huu. Mwenzetu mmoja alisimama akasema kwa majivuno kwamba Barack Obama alizaliwa hapa kwetu Kenya, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Mimi sikupiga. Obama alizaliwa Honolulu, katika jimbo la Hawaii, tarehe 4 Agosti 1961. Mzaliwa wa Kenya ni babake. Sisi twalisema neno hilo kwa kumsifu, kumbe kwao lilikuwa shtaka. Waliompinga walilieneza ili aonekane hakustahili kiti, hata mwezi wa Aprili 2011, akiwa Rais tayari, ikambidi atoe cheti chake cha kuzaliwa watu wakisome.

Shtaka lilipata nguvu kwa sababu ya Katiba yao iliyoandikwa mwaka 1787. Yataka Rais awe ametimiza miaka 35, awe amekaa nchini miaka 14, tena awe raia wa kuzaliwa. Mgeni aliyepewa uraia baadaye hawezi, hata akae miaka 60. Wala Katiba yenyewe haikueleza raia wa kuzaliwa ni nani hasa. John McCain alizaliwa mwaka 1936 katika eneo la Mfereji wa Panama, babake akiwa ofisa wa jeshi la majini. Ted Cruz alizaliwa Calgary, Kanada, mwaka 1970, na mamake ni Mmarekani. Wote wawili waliutafuta urais, na Mahakama ya Juu haijapata kulikata shauri hilo.

Sipendi kuwaonea wazee wa 1787. Nchi yao ilikuwa changa, nao waliogopa kwamba mwana wa mfalme fulani wa Ulaya angekuja na fedha zake akajifanyia ufalme. John Jay alimwandikia George Washington barua mwezi wa Julai mwaka huo, akimwonya wasimkabidhi mgeni uamiri wa majeshi. Kwa siku zile hofu hiyo ilikuwa na haki.

Lakini tazama leo sheria hiyo yamshika nani. Ilhan Omar alizaliwa Mogadishu mwaka 1982. Vita vilipowafukuza, jamaa zake walikaa miaka kadhaa katika kambi ya wakimbizi hapa Kenya, kisha wakafika Marekani mwaka 1995, yeye akiwa bado mtoto. Alipata uraia mwaka 2000, na mwaka 2019 akaingia Bunge la nchi ile. Amepewa kuwatungia sheria Wamarekani wote, ila kiti kimoja hawezi kukigombea. Kadhalika Henry Kissinger, mzaliwa wa Ujerumani, na Madeleine Albright, mzaliwa wa Prague, waliaminiwa Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje. Cheo hicho ni cha nne katika safu ya kumrithi Rais, walakini zamu ingewafikia wangerukwa!

Mwalimu wetu mmoja alisema kila nchi ina haki ya kulinda mlango wake mkuu. Nakubali. Ila ulinzi huo upimwe kwa maisha ya mtu, si kwa mahali mamake aliposhikwa na uchungu. Mwaka 2003 Seneta Orrin Hatch alitoa shauri kwamba aliyekuwa raia kwa miaka 20 aruhusiwe. Halikupita, kwani kuigeuza Katiba ile kwahitaji theluthi mbili za kila baraza la Bunge, na majimbo 38 kati ya 50. Mimi ningeliunga mkono. Na kama 20 ni kidogo, basi iwe 30.

Wala tusiwacheke. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 137, nayo yataka Rais awe raia wa kuzaliwa, ingawa kwetu kinachotazamwa ni uraia wa baba au mama, si mahali. Basi mtoto aliyeletwa Kenya mgongoni mwa mama mkimbizi, akasoma nasi na kuimba nasi wimbo wa taifa, amefungiwa hata akipata uraia ukubwani. Darasani mwetu yumo mmoja wa namna hiyo. Siku ya mdahalo alikaa nyuma, wala hakuomba kusema.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne