Maoni Yetu: Kifaa Kije na Spea Zake

TV bapa ikianza kutoa sauti bila picha, wengi husema imekufa. Haijafa. Zima taa za sebuleni, washa tochi ya simu, imulike kwenye kioo kwa upande, karibu kabisa, kisha uangalie vizuri. Mara nyingi utaiona picha, hafifu mno, msomaji wa habari akiendelea kusoma. Kioo ni kizima, bodi ni nzima, spika ni nzima. Kilichozimika ni taa za nyuma ya kioo, na pengine iliyoungua ni moja tu.

Taa hizo ni LED ndogondogo zilizopangwa kwenye vipande virefu vyembamba. Katika TV nyingi za bei ya kawaida zimeunganishwa kwa mfuatano: umeme hupita ya kwanza ndipo ufike ya pili, na kuendelea. Moja ikikatika, njia nzima imekatika. Fundi wa mtaani analijua hilo. Atailaza TV kifudifudi juu ya blanketi, atafungua skrubu za mgongoni, atakitoa kioo polepole kwa mikono miwili kwa sababu kikipata ufa kazi imeishia hapo, ataondoa karatasi za kusambaza mwanga, halafu atapima LED moja baada ya nyingine hadi aipate mbovu. Fundi mzuri haishii hapo. Anabadilisha vipande vyote, kwa kuwa taa zilizobaki zimechoka sawasawa na iliyokufa, kisha anabadilisha rezista moja kwenye bodi ili mkondo wa umeme unaokwenda kwenye taa upungue. Picha inapoteza mwanga kidogo tu, lakini taa hazichemki tena kama zamani. Wewe mwenye TV ambayo haijaharibika unaweza kufanya nusu ya kazi hiyo leo bila bisibisi: ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta mwanga wa nyuma, uushushe kutoka 100 hadi 60 au 50.

Mhandisi aliyeibuni TV hiyo alijua vema kwamba adui wa LED ni joto, na kwamba joto huja na mkondo mkubwa. Aliweka LED chache akazisukumia umeme mwingi kwa sababu LED chache zinapunguza gharama na mwanga mkali unauza TV dukani. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa muuzaji. Mtu ambaye angekaa na TV hiyo miaka minane, kwenye nyumba isiyo na kiyoyozi, hakuwamo katika hesabu.

Msimamo wetu ni huu: miaka ambayo kifaa kitaishi huamuliwa kwenye meza ya mbunifu, na anayenunua kwa wingi ana haki ya kukaa kwenye meza hiyo. Afrika Mashariki inanunua kwa wingi mno. Simu, TV, friji, pasi, redio, taa za sola, vingi vinaingia kwa makontena Dar es Salaam na Mombasa, na kutoka hapo vinafika Kigali, Bujumbura, Kampala, Goma na Lubumbashi. Tunakagua kama kifaa hakitamuua mtu kwa shoti, na hilo ni jema. Hatuulizi kitadumu miaka mingapi wala kama kitatengenezeka.

Viwanda vyenyewe vinaweza kupanga umri wa bidhaa, na vimewahi kufanya hivyo waziwazi. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu, wakiwemo Osram wa Ujerumani na Philips wa Uholanzi, walikutana Geneva wakaunda umoja ulioitwa Phoebus. Wakakubaliana kwamba balbu ya nyumbani iishi saa 1,000, ingawa zilikuwepo zilizofika saa 1,500 hadi 2,000. Kiwanda ambacho balbu zake zilidumu kupita kiwango kilitozwa faini. Tuwatendee haki wahandisi wao: uzi wa balbu ya zamani ukiwashwa kwa joto dogo hudumu zaidi, lakini hutoa mwanga hafifu na kupoteza umeme mwingi, kwa hiyo kupunguza saa kulikuwa na sababu ya kitaalamu. Faini haikuwa na sababu hiyo. Ilikuwepo ili balbu ziuzwe tena.

Tazama sasa Dubai, mji ambao wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaufahamu duka kwa duka. Manispaa ya Dubai ilikaa na Philips haohao, ikataka balbu ya LED inayokula umeme kidogo kuliko zilizokuwa sokoni. Mwaka 2016 balbu ikatoka, ikaitwa Dubai Lamp. Inatoa lumeni 200 kwa kila wati, kwa hiyo balbu ya wati 3 inaishinda kwa mwanga balbu ya zamani ya wati 40. Hakuna muujiza ndani yake. Zimewekwa LED nyingi zaidi, kila moja ikapewa umeme kidogo, basi haichemki. Ni kanuni ileile ya fundi wetu na rezista yake. Ujuzi ulikuwepo kiwandani siku zote, ukatoka pale mnunuzi mwenye mamlaka alipoudai. Huo ulikuwa mji mmoja tu.

Simu inahitaji madai hayo kuliko kifaa kingine chochote, maana kwa familia nyingi ndiyo benki, ndiyo redio, ndiyo tochi, ndiyo daftari la biashara. Sehemu inayochakaa kwanza ni betri. Betri ya lithiamu huchakaa hata ikitunzwa vizuri, na joto la pwani linaiharakisha. Kila mhandisi wa simu anajua kwamba baada ya miaka michache betri lazima ibadilishwe. Hata hivyo, katika simu nyingi za siku hizi betri imegandishwa kwa gundi, na juu yake mfuniko nao umegandishwa. Fundi anaupasha moto mfuniko, anapenyeza kadi ya plastiki pembeni, anaanza kuibandua betri huku akiomba isipinde wala kutoboka, kwa sababu betri ya lithiamu ikitoboka huweza kushika moto mezani. Kazi ambayo kwenye simu za zamani mtoto aliifanya kwa ukucha imegeuzwa kuwa ya hatari.

Watengenezaji husema gundi inazuia maji. Hoja hiyo tunaijua na tunaikataa. Mwaka 2014 Samsung waliuza Galaxy S5, simu iliyothibitishwa kustahimili kuzama mita 1 ya maji kwa dakika 30, na mfuniko wake wa nyuma ulibanduliwa kwa mkono na betri ikatoka. Kampuni iliyoweza kufanya hivyo mwaka ule haiwezi kutuambia leo kwamba haiwezekani.

Kuna kufuli jingine baya kuliko gundi, kwa kuwa halionekani. Kampuni inaweka namba ya siri ndani ya kioo, kamera au betri, na bodi inaitambua namba hiyo peke yake. Fundi akitoa kioo kizima kwenye simu iliyoungua bodi na kukihamishia kwenye simu iliyopasuka kioo, yenye chapa ileile na toleo lilelile, simu inalalamika, inaonyesha onyo, au inazima baadhi ya kazi zake. Spea halisi inachukuliwa kama ya wizi. Mwaka 2024 jimbo la Oregon nchini Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia mtindo huo kwenye vifaa vipya. Huku kwetu, ambako kazi nyingi za fundi simu zinategemea kuunganisha simu mbili mbovu zikawa moja nzima, sheria ya namna hiyo ingesaidia watu wengi kuliko inavyosaidia Oregon.

Kifaa kinaweza pia kuuawa kikiwa kizima kabisa. Tangu tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye simu za Android 4.4 na za kabla yake. Hatuwalaumu kwa kila kitu, maana programu ya zamani ina matundu ya usalama na kuitunza kuna gharama. Ila linganisha na huduma za pesa kwa simu. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 iliwekwa kwenye laini yenyewe ya simu, na hadi leo mama mwenye kabambe ya batani anatuma na kupokea pesa kama mwenye simu ya milioni. Tanzania unabonyeza nyota, namba, alama ya reli, na menyu inakuja bila bando wala kupakua chochote. Huo ni uhandisi wa kiwango cha juu. Unamfikia kila mtu, hautaki kifaa kipya kila baada ya miaka mitatu, na unafanya kazi kijijini kwenye mtandao wa chenga. Tunaziona benki na ofisi za umma zikihamishia huduma kwenye programu za simu janja na kuiacha menyu ya nyota ijifie yenyewe. Tunazitaka ziache. Programu ya simu iongezwe, na menyu ibaki ikiwa na huduma zilezile.

Wenzetu wa Ulaya wameshaanza kudai. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya inayouzwa katika Umoja wa Ulaya lazima ichajiwe kwa USB-C, na Apple, waliopinga kwa miaka, walikubali hata kabla ya siku hiyo. Tangu tarehe 20 Juni 2025 betri ya simu inayouzwa huko inatakiwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800, spea muhimu zipatikane kwa miaka 7 baada ya toleo kuacha kuuzwa, na masasisho ya programu yaendelee kwa miaka 5 angalau. Hivyo miundo ya simu zinazotengenezeka ipo tayari na gharama ya kuibuni imeshalipwa. Tusipodai chochote, hakuna kinachomzuia mtengenezaji kutuletea simu ambayo Ulaya imeikataa.

Wasiwasi mmoja tunauheshimu: bei. Kijana anayeanza biashara na simu ya bei ya chini hawezi kuongezewa mzigo kwa jina la kumlinda. Lakini tupime kila dai kwa gharama yake. Skrubu mahali pa gundi ni senti chache. Kufuta namba ya siri ya spea hakuhitaji malighafi yoyote. Mchoro wa saketi uko tayari kwenye kompyuta ya kiwanda, na leo mafundi wetu wanautafuta kwa kuuziana nakala za wizi. Rezista inayopunguza mkondo wa taa za TV bei yake haionekani hata kwenye risiti. Hapo ndipo pa kuanzia, kwenye vitu ambavyo havimpandishii mnunuzi bei, na serikali nayo ichangie kwa kutoza spea ushuru mdogo kuliko kifaa kizima.

Hakuna atakayetuambia kwamba serikali zetu hazina nguvu hiyo. Kenya ilizima simu bandia kwenye mitandao mwaka 2012, Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na Rwanda ilikuwa imetangulia tangu 2008. Kila mara walikuwepo waliosema haitawezekana, na kila mara soko lilijipanga upya ndani ya miezi.

Kwa mafundi wenyewe pia lipo la kufanya. Nchini Tanzania VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hupima ujuzi wa watu waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti. Fundi simu na fundi TV wafuatwe walipo, kwenye vibanda vyao, wapimwe kwa kazi, waongezewe masomo ya usalama wa betri na namna ya kusoma mchoro. Fundi mwenye cheti atambuliwe na sheria kama mtu mwenye haki ya kununua spea halisi na kupata maelekezo ya kiwanda, bila kulazimika kuwa wakala wa kampuni.

Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi nane, kuanzia Bahari ya Hindi hadi Atlantiki. Nchi moja ikidai peke yake, mwagizaji atashusha mzigo bandari ya jirani. Zikidai pamoja, kiwanda kitabadilisha muundo. Tunawataka mawaziri wa biashara wa nchi hizo waliweke jambo hili kwenye ajenda ya kikao chao kijacho: lebo kwenye kila boksi la simu, TV na friji itakayoonyesha spea zitapatikana kwa miaka mingapi na programu itasasishwa hadi lini, betri inayotoka kwa vifaa vya kawaida, marufuku ya kufungia spea kwa namba ya siri, na michoro ya saketi ikabidhiwe kwa mashirika ya viwango siku ile kifaa kinapoombewa kibali cha kuingia. Wapewe waagizaji miaka miwili ya kumaliza mzigo walio nao, kisha ukaguzi uanze bandarini.