Mbio za Mto Thames tunaziona bure, za kwetu je?

Kila mwanzo wa Julai, kijana yeyote wa Langas au Huruma mwenye bando anaweza kutazama mbio za makasia za Henley Royal Regatta kule Uingereza. Mashua mbili mbili hushindana kwenye Mto Thames, umbali wa kilomita 2 na mita kadhaa. Mashindano hayo yalianza mwaka 1839, lakini tangu 2015 yanapeperushwa mubashara kwenye YouTube, bure kabisa, asubuhi hadi jioni, siku nenda siku rudi.

Ngoja nikuambie kilichonishangaza. Hawastrimu fainali peke yake. Kila mbio inaonyeshwa, hata zile za wanafunzi wa shule ambao hakuna anayewajua. Mtoto wa shule akivuta kasia, nyanya yake aliye Australia anamuona. Kocha wa chuo cha Marekani anamuona pia. Na video inabaki pale, mwakani atairudia.

Sasa turudi hapa kwetu. Hili ni jiji, tena jiji la mabingwa. Tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna, watu walijaa barabarani Eldoret wakikodolea macho skrini kubwa. Mtu wetu, mbio za watu wengine, kamera za watu wengine. Tulishangilia, na ilikuwa sawa. Lakini mbio ngapi za shule na za nyika hukimbiwa Uasin Gishu, Nandi na Elgeyo Marakwet kila msimu, zikaisha bila mtu kurekodi hata mzunguko mmoja? Binti anashinda mita 3000 pekupeku, anapigiwa makofi na walimu kumi, kisha basi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Siku hizi asiyeonekana mtandaoni ndiye huyo huyo.

Hasara hii si ya sifa tu. Mwanariadha chipukizi asiye na video hana cha kumtumia wakala wala chuo cha ng'ambo kinachotoa ufadhili. Anabaki kumtegemea mtu mmoja anayedai kwamba "anajua watu". Hapo ndipo wengi huliwa.

Na si riadha pekee. Asiya Mohammed Sururu, aliyepoteza miguu yake kwenye ajali ya treni akiwa mtoto, aliiwakilisha Kenya katika kupiga makasia kwenye Paralimpiki za Tokyo mwaka 2021. Wangapi kati yetu tulimuona akivuta kasia? Lamu nao wana mashindano ya majahazi ambayo wageni huyapandia ndege, na sisi wa bara tunayaona kwenye picha tu.

Utaniambia kustrimu ni ghali. Haya, tupige hesabu. Video ya kiwango kizuri hula GB moja hivi kwa saa. Simu mbili, kinasa sauti, betri za akiba, kijana mmoja wa kutangaza kwa Kiswahili na mwingine wa Kikalenjin. Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, kwa hivyo anza bila droni. Muziki wa watu usiucheze, YouTube itakufungia matangazo katikati ya mbio. Kwa wanafunzi, ruhusa ya shule na wazazi ni lazima. Hayo yote yanawezekana bila kamera ya milioni.

Kigumu ni mtandao na vibali. Mtandao ukiyumba, kaunti iweke intaneti ya uhakika viwanjani kabla ya kuweka mabango ya viongozi. Na waandaaji waache kulinda "haki za matangazo" za mbio ambazo hawazitangazi. Kama hamna kamera, wapeni vijana ruhusa kwa maandishi, mgawane mapato ya matangazo.

Mji huu umejaa vijana wanaojua kuhariri video kwenye simu. Wengine, kama mimi, chuo tuliachia njiani lakini mkono haujasahau kazi. Tukingoja wageni waje na kamera zao, watakuja, na wataondoka na picha. Msimu wa mbio za nyika haujawahi kumngoja mtu. Chukua simu, omba ruhusa, nenda uwanjani.