Tuitunze Mikono ya Wazee Wetu wa Gitaa

Ndugu zangu wa Butembo na Beni, yule mzee wa gitaa wa kanisani kwenu yuko wapi siku hizi? Yule aliyepiga kwenye harusi za wazazi wenu, na hadi juzi alikuwa bado anaanzisha nyimbo za kwaya. Kama Jumapili kadhaa hamjamwona na gitaa lake, msidhani amechoka na kuimba. Mara nyingi ni mkono.

Mwenyewe hatasema. Wazee wetu hawana desturi ya kulalamikia kidole. Atasema tu kwamba vijana sasa wamejua, wapige wao. Basi gitaa linatundikwa ukutani, na kumbe mkono ule ungeweza kupiga miaka mingine mingi kama tungeusaidia mapema.

Umri ukienda, gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, huchakaa. Shina la dole gumba huanza kuuma, na viungo vya karibu na kucha hufanya vinundu. Ni jambo la kawaida, wala si laana, wala si kazi ya jirani. Lakini tujiulize: kabla mzee hajalishika gitaa jioni, mkono wake umefanya nini tangu asubuhi?

Umeshika jembe. Umekamua blanketi lililofuliwa kwa maji baridi, na Butembo, mita zaidi ya 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji ya asubuhi yanajulikana. Umesonga bugali kwa mwiko mzito. Au umebana usukani wa pikipiki, barabara nzima ya Beni hadi Butembo, mashimo na mtikisiko. Gitaa linakuja mwisho na kubeba lawama zote.

Kwa hiyo wito wangu wa kwanza ni wa nyumbani. Vijana, kukamua nguo nzito na kufungua vifuniko vilivyokaza kuwe kazi yenu. Mama, ukichemsha maji ya chai, mbakizie baba kidogo kwenye beseni, ya uvuguvugu tu, atumbukize mikono dakika chache kabla ya kupiga. Mpini wa jembe au wa kisu ukiwa mwembamba, uzungushie kitambaa unenepe: mkono unaoshika kitu kinene haubani sana. Haya yote hayahitaji pesa, sivyo?

Na salamu je? Mnakumbuka wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kuwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020? Tulijifunza kupungiana mikono na kugusana viwiko, na heshima haikupungua. Sasa tumerudia kushikana, vizuri kabisa. Lakini mpiga gitaa mwenye umri wa miaka sabini, akitoka ibadani, hubanwa kiganja na waamini wote mlangoni. Tumpungie. Ataelewa kwamba tunamheshimu.

Sasa tulitazame gitaa lenyewe, maana hapa ndipo msaada mkubwa ulipo. Magitaa mengi yetu yamepigwa na jua na kufungwa nyuzi nzito, mengine nyuzi zilizochambuliwa kutoka kebo ya breki ya baiskeli. Shingo inapinda, nyuzi zinapanda juu, na kila akordi inakuwa kama kuminya msumari. Pima kwa rula kwenye freti ya 12: kati ya chuma cha freti na uzi mnene, nafasi ikizidi milimita 3, mzee anafanya kazi ya bure.

Seremala mwangalifu anaweza kusaidia. Ule mfupa mweupe ambao nyuzi hukalia karibu na tundu unachomolewa na kusuguliwa chini yake kwa msasa, kidogo kidogo. Ukitoa milimita 2 pale, nyuzi hushuka milimita 1 kwenye freti ya 12. Asiwe na haraka, kilichosuguliwa hakirudi.

Kisha legeza nyuzi zote nusu sauti. Mvutano wake hupungua karibu sehemu moja ya kumi, na vidole vinahisi tofauti siku hiyohiyo. Kwaya italalamika kwamba gitaa liko chini? Funga kapo, kile kibanio cha nyuzi shingoni, kwenye freti ya kwanza, sauti inarudi mahali pake. Asiye na kapo achukue penseli na kipande cha mpira wa tairi ya ndani.

Kapo hiyohiyo inaondoa adui mkubwa wa dole gumba, yaani bare, ule mtindo wa kulaza kidole juu ya nyuzi zote. Gitaa likiwa kwenye sauti yake ya kawaida na wimbo uko Fa, funga kapo kwenye freti ya tatu, ushike Re, Sol na La. Sikio la msharika halitajua, na mkono hautaumia.

Kuna wazee watakaosema huko ni kudanganya. Baba zangu, Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akipiga "Masanga", alitumia dole gumba na kidole cha shahada tu mkono wa kulia, na dunia nzima ya gitaa ilisimama kumsikiliza. Mpiga gitaa Django Reinhardt aliungua mwaka 1928, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaharibika, naye akapiga solo zake kwa viwili vilivyobaki. Nani alimwambia anadanganya?

Nanyi viongozi wa kwaya, muziki wetu wa Kongo una hekima ya kugawana kazi: gitaa la akompanyima, la mi-solo na la solo. Mwacheni kijana abebe akompanyima yenye akordi nzito muda wote, mzee apige mi-solo, sauti chache zenye utamu. Mpeni kiti. Mazoezi yakatwe vipande, dakika kumi na tano kisha maji na hadithi. Vidole visifungiwe kazi kabisa, maana vikikaa bure vinakakamaa zaidi.

Kuhusu dawa, naomba tusikilizane vizuri. Diklofenaki, ibuprofeni na dekzametazoni zinapatikana kila kona, tena kwa bei ndogo. Lakini mzee anayemeza diklofenaki au ibuprofeni kila siku anaweza kupata vidonda vya tumbo, shinikizo la damu likapanda na figo zikaumia. Dekzametazoni hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Muulizeni muuguzi kwanza kuhusu parasetamoli au diklofenaki ya kupaka, ambayo kwa viungo vya mkono inasaidia bila kulisumbua tumbo sana.

Dole gumba na vidole viwili vya jirani vikifa ganzi usiku, huenda mshipa wa fahamu umebanwa kifundoni. Kuufunga mkono kwa kibao chembamba na bandeji ili ulale umenyooka kunasaidia, ila mpelekeni kituo cha afya akapimwe. Kiungo kikivimba ghafla, chekundu, cha moto, na homa juu yake, msingoje kesho. Na vidole vya mikono yote miwili vikivimba na kukakamaa zaidi ya saa nzima kila asubuhi, huo ni ugonjwa mwingine wenye tiba yake, daktari auone.

Neno la mwisho ni kwenu wafanyabiashara wa Butembo mnaokwenda Kampala, Dubai na Guangzhou. Nyuzi za gitaa mnaziona huko. Kabla ya kununua, tazameni namba ya uzi mwembamba kwenye pakiti. Zenye 12 na 13 waachieni vijana wenye vidole vya chuma. Kwa wazee tuleteeni zenye 10, na muziweke akiba kwenye duka la karibu na kanisa.