Bwawa la Samaki
Miaka ya 1950 mabwawa ya samaki yalichimbwa kwa maelfu katika Kongo. Baada ya 1960 mengi yaliachwa yakajaa magugu. Anayetaka kuchimba leo, kwa trakta au kwa jembe, aujaribu udongo kwanza. Finyangeni donge la udongo mbichi, mlirushe juu na kulidaka: likivunjika, maji yatavuja, likishikamana, mahali pafaa. Sakafu iinamie upande mmoja, ili bwawa likaushwe siku ya kuvua. Tilapia hupenda maji ya vuguvugu: katika mabonde ya Walikale hukua upesi, katika baridi ya milima ya Masisi hukawia. Basi, enyi wazazi, pimeni kwanza, ndipo mchimbe. Jasho la jamaa lisipotee bure.