Kengele ya Moshi Isikatwe Katika Mshahara Wetu



Siku hizi madukani vinauzwa vidude vidogo vya kuchomeka kwenye soketi ya ukutani. Kimoja hulia kikinusa moshi, kingine kikinusa gesi ya kupikia, na kingine kikinusa hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa, iitwayo kaboni monoksaidi. Wenzetu wa matawini wanatuuliza: je, vinafaa? Na nani avinunue?

Twajibu kwamba vinafaa, na mwenye nyumba ndiye avinunue. Lakini kwanza tuvijue.

Tuanze na mkaa, kwani huo ndio unaotuua kimya kimya. Katika mashamba ya chai ya upande wa Fort Portal na Bushenyi usiku una baridi, hasa wakati wa mvua. Chumba ni kimoja, watu watano au sita, na sigiri huingizwa ndani ipashe joto. Wengi husema mkaa umeshakolea, hauna moshi tena, basi hauna hatari. Hapo ndipo penye mtego. Mkaa uliokolea hauna moshi wala harufu, lakini ungali unatoa kaboni monoksaidi. Hewa hiyo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu ikakosa nafasi ya kubeba pumzi. Kichwa huuma, kizunguzungu hushika, moyo huchafuka, miguu hulegea. Mtu hudhani ni malaria, akajilaza. Kengele ya moshi hailii hapo, maana moshi haupo. Inatakiwa kengele ya hewa hiyo yenyewe.

Gesi ya mitungi nayo ina tabia yake. Ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini sakafuni, kwa hiyo kengele yake hukaa chini. Moshi hupanda juu, kwa hiyo kengele ya moshi mahali pake ni darini. Ukiichomeka kwenye soketi iliyo karibu na sakafu itachelewa kusikia. Wala isiwekwe juu ya jiko, ama italia kila mlo na watu wataing'oa. Ndiyo maana kidude kimoja kinachojigamba kufanya kazi zote tatu kutoka soketi moja, sisi twakitilia shaka.

Jambo jingine ni umeme. Kidude cha soketi kisicho na betri ndani yake hunyamaza umeme ukikatika. Na umeme ukikatika ndipo tunapowasha mishumaa na kuingiza sigiri ndani! Mlinzi wa namna gani huyo, anayelala usiku wa wezi? Tudai vyenye betri, vyenye kitufe cha kujaribia, na vibadilishwe muda ulioandikwa nyuma yake ukifika, kwa sababu kinusio huchakaa.

Sasa fedha. Mkataba wa 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, kifungu cha 21, wasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mwezi Juni 2022 shirika hilo liliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi. Waajiri watasema nyumba si mahali pa kazi. Basi mbona hututoa ndani yake siku ile ile kazi inapokwisha? Uingereza yenyewe, nchi ya matajiri wa nyumba, tangu Oktoba 1, 2022 kila mwenye nyumba ya kupangisha ndiye anayetakiwa na sheria kuweka kengele ya moshi katika kila ghorofa inayokaliwa. Mpangaji hakatwi senti.

Asiyeona uzito wa jambo hili atazame Mangaf, Kuwait. Alfajiri ya Juni 12, 2024 jengo walimolala wafanyakazi wa kigeni karibu 200 lilishika moto chini. Walikufa watu karibu 50, wengi wao Wahindi, na wengi waliuawa na moshi kabla moto haujawafikia. Huko Ghuba wamo pia vijana wetu wengi.

Lakini asije mwajiri akatundika kengele moja akadhani amemaliza deni. Chumba kisicho na dirisha la kufunguka ni hatari hata kikiwa na kengele kumi. Jiko la nje lenye paa, au bomba la kutolea moshi, ndilo dai la kwanza. Kengele ni la pili.

Kwa hiyo makatibu wa matawi wapite nyumba kwa nyumba kambini kabla ya mazungumzo ya mkataba wa pamoja. Waandike vyumba ni vingapi, vyenye umeme vingapi, watu wanapikia wapi, madirisha yanafunguka au yamepigiliwa misumari. Kwenye vyumba visivyo na umeme, tudai kengele za betri tupu. Hesabu hiyo iletwe ofisini kwa maandishi, nasi tutaiweka mezani mbele ya mwajiri.