Nani Kasema Tusilale Nishinari?

Mwezi uliopita binamu yangu, binti wa shangazi, alinitumia ujumbe. Kapata nafasi ya mafunzo ya wiki sita Osaka, na wiki ya saba kaiomba iwe yake mwenyewe, atafute chumba cha bei nafuu azunguke mji. "Kaka, wewe ulishafika. Nikae wapi, nione nini?" Nikamjibu kwa mstari mmoja: kalale Nishinari, jirani na stesheni ya Shin-Imamiya. Haikupita nusu saa akanirushia picha za orodha tatu alizozikuta mtandaoni, moja ya Kiswahili kabisa. Zote zinasema kitu kilekile. Lala Namba au Umeda. Panda ngome. Piga picha chini ya yule mkimbiaji wa taa pale Dotonbori. Kula takoyaki. Na usiende Nishinari, hasa usiku. Chini yake kaandika, "Kaka, unataka niuawe?"

Nikacheka. Halafu nikaisoma tena ile ya Kiswahili, kicheko kikaisha.

Orodha ya Mzungu anayeogopa mtaa wa maskini naielewa, hata kama siipendi. Ya kwetu ndiyo iliyoniudhi. Mwandishi wake hafafanui anaogopa nini. Hataji mtaa, hataji njia, hataji hata mtu mmoja aliyekutana naye huko. Hofu yenyewe kaiazima, kaitafsiri, kaibandika. Na huyu ni mtu wa Dar es Salaam, mji ambao nusu ya wakazi wake wamewahi kuambiwa "Manzese usiende" na watu ambao hawajawahi kununua hata chapati Manzese. Jamani, sisi ndio tulipaswa kuwa wa kwanza kuuliza: nani kasema, na kwa nini?

Tuanze na jina. Nishinari ni wilaya nzima ya Osaka, ina shule, masoko na wazee wanaomwagilia maua mlangoni. Wanaoiogopa huwa wanamaanisha kipande kimoja tu kisichofika hata kilomita moja ya mraba, kusini ya stesheni ya Shin-Imamiya. Wakazi wa siku nyingi wanakiita Kamagasaki. Kwenye ramani rasmi jina hilo hulioni. Mwaka 1966 wakubwa wa mji walikibatiza Airin, maana yake upendo wa jirani. Ukiona serikali inaupa mtaa jina tamu namna hiyo, jua kuna jambo limetokea. Agosti 1961 kibarua mmoja mzee aligongwa na teksi pale. Polisi wakamhesabu kuwa amekufa, wakamfunika, wakamwacha barabarani bila kumkimbiza hospitali. Watu kwa maelfu wakaingia mtaani, ghasia zikachukua siku kadhaa. Jina jipya lilikuja baada ya hapo.

Kamagasaki ulikuwa mtaa wa vibarua. Wanaume kutoka vijijini, kutoka migodi ya makaa iliyofungwa, kutoka Okinawa, walifika wakiwa peke yao na kupanga vyumba vya kulipia kwa siku, zile gesti wanazoziita doya. Alfajiri walikusanyika, mawakala wakaja na magari, haisi kama zetu, wakaita idadi wanayotaka na ujira wa siku, waliopanda wakapanda, waliobaki wakabaki. Maonyesho ya dunia ya 1970 kwenye vilima vya Senri yalipata watazamaji zaidi ya milioni 64. Kabla ya mtazamaji wa kwanza kukata tiketi, kuna mtu alibeba saruji. Wengi wao waliamkia hapa.

Nisimame kidogo kwenye neno hilo, kibarua, maana ndilo lililonifunga na mtaa ule. Kwetu kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku ili kihesabiwe. Mpaka leo kikaratasi kimesahaulika, mtu ndiye kabaki na jina. Kule Kamagasaki vibarua walikuwa na kijitabu cha bima, kila siku ya kazi kinabandikwa stempu, na stempu zikitimia ndipo mtu alipopata posho ya siku za kukosa kazi. Babu yangu alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge Tanga. Manamba, yaani mtu wa namba. Sikuhitaji mkalimani kuelewa kijitabu kile.

Sasa mje mniambie nilale wapi.

Safari yangu ya kwanza niliifuata orodha. Nililala Namba, hoteli safi, chumba kidogo, bei ya kukausha mate. Usiku wote chini ya dirisha kulikuwa na wageni wenzangu wakiburuta mabegi. Siku nne nilikula nikiwa nimezungukwa na watu waliofika juzi kama mimi, kwenye foleni iliyopangwa na simu zetu. Ngome ya Osaka niliipanda kwa lifti. Sidharau, ila tuambiane ukweli: hilo jumba mnaloliona kwenye picha ni la zege, lilijengwa 1931 kwa michango ya wananchi, na ndani ni makumbusho. Ile ya Toyotomi Hideyoshi iliyoanzwa 1583 ilianguka na ukoo wake 1615, iliyofuata ikachomwa na radi 1665. Hadithi hiyo ya kujengwa mara tatu ni tamu kuliko ukuta wenyewe, lakini orodha zinaandika "ngome ya kale" na kusonga mbele. Kaeni nje, bustanini. Huko ni bure, na mawe ya msingi ni ya karne ya 17 kwelikweli.

Safari ya pili ndiyo nililala Kamagasaki, usiku kumi na moja, kwenye gesti ya ghorofa iliyokuwa ya vibarua. Chumba mikeka mitatu ya tatami, bafu la pamoja chini, mashine ya kufulia ya kutumbukiza sarafu, na kwenye kaunta mama mmoja ambaye baada ya siku mbili alishaanza kuniuliza kama nimekula. Sitawadanganya kwamba hakuna walevi. Wapo, saa nne asubuhi, wamekaa kwenye kizingiti na kikopo. Mmoja aliniimbia. Usiku nilirudi kwa miguu peke yangu kila siku na jambo la kutisha kuliko yote nililokutana nalo ni baiskeli ya mzee isiyo na taa.

Na kwa mtu anayetaka kuona mji, ni wapi pengine palipokaa vizuri hivi? Treni ya Nankai inakuleta kutoka uwanja wa ndege wa Kansai moja kwa moja. Vituo viwili vya metro uko Namba, kama unaitaka sana Namba yako. Kwa miguu unafika mnara wa Tsutenkaku, ule wa 1956, na ukipanda kilima kidogo unafika Shitennoji, hekalu lililoanzishwa mwaka 593, likateketezwa na mabomu ya 1945, likajengwa upya. Tramu ya Hankai inapita palepale, inakupeleka taratibu kati ya nyua za watu mpaka Sumiyoshi, kwenye hekalu la miungu ya bahari. Mtu wa pwani asikose hapo. Taa za mawe karibu 600 zimepangwa, zilizotolewa na wenye meli na wafanyabiashara waliokuwa wakiomba chombo kirudi salama. Zamani bahari ilifika jirani. Leo wameifukia, imesukumwa mbali, taa zimebaki zikiangalia barabara.

Mimi, lakini, sikwenda Osaka kwa ajili ya mahekalu. Nilikwenda kwa sababu ya riwaya. Waliosoma Pachinko ya Min Jin Lee wanamkumbuka Sunja, anayevuka bahari kutoka Korea mwaka 1933 kuja kuishi Ikaino, mtaa wa Wakorea wa Osaka, na baadaye anauza kimchi sokoni ili watoto wale. Tafuta Ikaino kwenye ramani. Haipo, jina lilifutwa 1973. Lakini panda treni ya mzunguko Shin-Imamiya, shuka kituo cha nne, Tsuruhashi, na kabla hujatoka kwenye jukwaa la stesheni moshi wa nyama ya kuchoma umeshakupokea. Ingia sokoni chini ya reli. Kimchi imejaa kwenye mapipa, na akina mama wanaouza wanakuonjesha kwa ncha ya kijiti. Nilisimama pale nikijua kwamba kitabu hakikutia chumvi.

Mnaona? Kamagasaki, Ikaino. Mitaa miwili iliyobeba mji mgongoni, na yote miwili imeondolewa majina. Orodha zinafuata ramani, kwa hiyo zinafuta mara ya pili. Hata ukumbi wa taifa wa Bunraku, vituo viwili tu kutoka gestini kwangu, wanauandika kama kivutio cha "utamaduni" na kuusahau. Chikamatsu alipoandika tamthilia yake ya Sonezaki mwaka 1703, wahusika wake hawakuwa mabwana wa ngome. Alikuwa karani wa duka la sosi ya soya na mwanamke aliyeuzwa danguroni, tukio la kweli la mwaka uleule. Osaka imekuwa ikijisimulia kwa midomo ya watu wadogo kwa miaka mia tatu, nyie mnatuambia tukaangalie tangazo la peremende.

Najua jibu litakalokuja, na lina haki yake. Wewe uliyelala kwa bei rahisi kwenye chumba cha kibarua, kibarua yuko wapi? Swali hilo linaniuma kuliko orodha zote. Kazi za siku zimepungua, waliokuja vijana wamezeeka, wengi wanaishi kwa msaada wa serikali. Jengo la kituo cha kazi lililofunguliwa 1970 lilifungwa 2019. Ng'ambo ya reli imesimama hoteli ya kifahari iliyofunguliwa 2022. Gesti baada ya gesti zimepakwa rangi, zimewekewa intaneti, zinatusubiri sisi wenye mabegi. Pesa yangu ni sehemu ya hiyo rangi. Sina namna ya kuizunguka.

Ila wanaosema "basi usiende" hawajamwokoa mzee yeyote. Wamemrudisha tu kwenye giza la "hasa usiku". Lililo ovu zaidi ni la wale wanaokwenda na kamera: wanaowarekodi watu wakipanga foleni ya chakula kwenye bustani ya pembetatu, kisha wanaandika "upande wa Japani usioujua". Ningeweza kuwavumilia waoga wote wa Namba kuliko mmoja wa hao. Ukilala Kamagasaki, kula kwenye vibanda vya pale, oga bafu la pale, salimia, weka simu mfukoni. Na danguro la Tobita, lililo hatua chache kutoka hapo, si maonyesho. Simtumi mtu yeyote akawakodolee macho wale wasichana.

Binamu nilimwandikia haya yote, kwa kifupi zaidi. Nilimwambia pia kwamba baadhi ya gesti za zamani zilikuwa za wanaume tu, kwa hiyo aulize kwanza kama kuna ghorofa ya wanawake na kama bafu lina saa zake. Akakaa kimya siku mbili. Nikajua shangazi ameshaambiwa.

Jana usiku akaniuliza mikeka mitatu ni mikubwa kiasi gani. Nikamwambia apime chumbani kwake, hatua tatu kwa mbili. Akaniandikia kwamba amepima, na begi litabidi lilale mlangoni.